Majina ya Ukuta wa Buffalo

Mapendo, wewe ndiye uliyenituma niandike. Ulisimama mlangoni siku ninakusanya vitu vyangu, ukasema, "Donc, Mzee Nestori, unaenda na akili yote ile, sisi tunabakia na mashini tu?" Nikakujibu kwamba kitabu cha mashine kiko kwenye droo ya pili, kina picha. Ukasema si hicho unachotaka. Basi haya hapa. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu cha kuandika kinatosha jiwe la kaburi tu: jina, mwaka, kistari, mwaka. Wewe wa Kivu Kusini na mimi Mrundi niliyekulia kambi za Kigoma hatuzungumzi Kiswahili kimoja, lakini tumefanya kazi pamoja bila kuvunja jiwe hata moja, ukiacha lile la Hilliard, na lile tulikubaliana kwamba lilikuja na ufa.

Nitaishia Buffalo, ingawa nilifanya kazi miaka mitatu baada ya hapo. Iliyofuata ilikuwa miaka ya mawe ya kawaida na maumivu ya mgongo.

Nilifika Louisville mwaka 2007 nikiwa na umri ambao watu wengine wanaanza kuhesabu siku za kupumzika. Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kukata nyasi kwenye makaburi. Msimamizi alikuwa bwana mmoja mrefu aitwaye Curtis. Siku ya kwanza alinipa buti, glavu na vifuniko vya masikio, kisha akampigia mkalimani simu. Mkalimani alikuwa Mkenya. Akaniambia, "Mzee, anauliza kama uko okay na makaburi, you know, mambo ya mizimu." Nikamwambia wafu siwaogopi, naiogopa ile mashine ya nyasi. Mkalimani akatafsiri. Curtis akanipa reki.

Miaka sita nilikaa pale. Nilijifunza kuinua jiwe lililolala kwa mtaimbo na vipande vya mbao, polepole, upande mmoja kisha mwingine. Nilijifunza kwamba jiwe linaegemea upande ambao maji yanapita. Chakula cha mchana nilikula nikisoma majina, na ndivyo nilivyojifunza Kiingereza changu, kwa hiyo kwa muda mrefu nilijua kusema "mke mpendwa" lakini sikujua kuuliza basi linapita saa ngapi.

Mwaka 2013 nilihamia Columbus. Binti yangu Yvonne alikuwa amepata kazi ya kulea wazee na alihitaji mtu wa kukaa na watoto wakitoka shule. Mpaka leo wajukuu nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, na tunaendelea hivyo kama redio mbili. Asubuhi zangu zilikuwa wazi, na hapo ndipo nilipopata karakana yetu ya mawe ya makaburi.

Unamjua Dale, mwenye karakana, kwa hiyo sitamwelezea, ila ujue wakati ule alikuwa na nywele. Mzee Anselmo hukumkuta. Alikuwa mchongaji mkuu, Mmeksiko wa Texas, mzaliwa wa Texas na mtoto wa wazaliwa wa Texas, jambo ambalo wateja walimlazimisha kulieleza karibu kila wiki. Walatino wenzake walimwita Don Anselmo. Niliuliza maana ya Don, nikaambiwa ni heshima kwa mtu mzima, basi mimi nikamwita Mzee na yeye akaitika.

Siku ya kwanza alinipa ufagio. Wiki ya pili pia alinipa ufagio. Nilidhani ananidharau, kumbe alikuwa anataka nione vumbi linaanguka wapi, maana ukijua vumbi linakoanguka unajua mashine ya mchanga, ile inayokata herufi, inapiga kwa pembe gani. Angeweza kuniambia. Jinsi nilivyotoka kwenye ufagio hadi kwenye patasi sina la kueleza, kwa sababu hakuna aliyetangaza. Asubuhi moja ufagio alikuwa nao mtu mwingine.

Alinifundisha kubandika ile karatasi ya mpira juu ya jiwe na kubandua herufi moja moja, ili mchanga ule penye uwazi tu. Alinifundisha kulowesha graniti ili mstari uonekane. Alinifundisha patasi ya mkono, ambayo wakati ule hakuna aliyeitumia tena isipokuwa yeye. Nilifanya mazoezi kwenye vipande vya mabaki hadi nikawa na ndoo tatu za herufi zisizo na mtu. Na kabla ya kukata jina lolote alitaka nilisome kwa sauti. Majirani wa University District, mtaa wa chuo kikuu, walileta mistari ya Kilatini, wale wa Clintonville walileta majina ya mbwa wao, na yote niliyasoma kwa sauti. Mzee Anselmo alisikiliza mbwa na profesa kwa uso ule ule.

Mchana tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukala. Siku moja nilimuuliza aliingiaje kwenye kazi hii.

"Mji wetu ulikuwa na makaburi mawili," alisema. "Katikati kuna waya. Upande mmoja Wazungu, upande mwingine sisi. Baba yangu alichimba pande zote mbili. Alinihakikishia udongo ni ule ule."

Muuza mawe wa mji ule hakuwa analeta mawe upande wao. Basi baba yake alimimina saruji kwenye fremu ya mbao, akaandika jina kwa msumari kabla saruji haijakauka. Nikamwambia mimi pia kambini nilikuwa mwashi, na mtu akifa nilifanya hivyo hivyo, kwa msumari wa inchi nne.

"Inchi nne ni mkubwa mno," akasema. "Tatu."

Kuanzia siku ile tulikuwa marafiki.

Aliniambia vijana wa pande zote mbili walikwenda vitani, na waliokufa walirudi kwenye masanduku ya aina moja, yenye bendera ya aina moja. Wakifika langoni, sanduku moja linapita kushoto, jingine kulia. Mzee Anselmo alipokuwa kijana alikwenda na wenzake kwa wakubwa wa wilaya kuomba waya uondolewe. Wakaambiwa waya ule ni kwa ajili ya mbuzi.

"Mlikuwa na mbuzi?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyewahi kuwaona."

Walirudi kila mwezi kwa miaka minne. Wengine walifukuzwa kazi kwa sababu ya kurudi. Halafu asubuhi moja waya haukuwepo. Hakukuwa na hotuba wala tangazo. Baba yake alikwenda kuangalia, akarudi akasema nguzo bado zimesimama. Kazi ya kung'oa nguzo alipewa yeye.

Sasa nifike kwenye ukuta. Mwaka 2015 tuliletewa kazi kutoka Buffalo: mabamba manne ya graniti nyeusi kwa ajili ya ukuta wa kumbukumbu, yenye majina ya wanajeshi wa Puerto Rico kutoka mtaa mmoja wa magharibi mwa mji ule, waliokufa kwenye vita vya Marekani. Kamati ilituma orodha iliyopigwa chapa, herufi zote kubwa, na saini ya mwenyekiti chini.

Mzee Anselmo aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Akaniita. Akaweka kidole kwenye jina: PENA.

"Hili si jina," akasema. "Jina ni Peña. Juu ya hiyo N kuna kiwimbi. Sauti yake ni kama ile 'ny' yenu."

Nikamwambia Kiingereza hakina alama hizo, pengine wamezitoa zote.

"Alama nyingine kwenye herufi kubwa watu wanasamehe. Hii hawasamehi. Ni herufi nyingine kabisa. Peña ni mwamba. Pena ni huzuni." Akaendelea kushuka na kidole. Núñez, Ibáñez, Muñiz. Majina tisa yalikuwa yamepoteza herufi yao.

Alikwenda ofisini kwa Dale, nikamfuata. Dale si mtu mbaya. Alisema, "Anselmo, wamesaini. Tukiongeza kitu ambacho hakimo, na ikawa ni kosa, mabamba yanabaki kwetu."

"Piga simu."

Akapiga. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa zimamoto, bwana mmoja aitwaye Halloran, mpole sana kwenye simu. Akasema orodha imetoka kwenye kumbukumbu za jeshi na lazima ukuta ufanane na kumbukumbu. Dale akakata simu, akafungua mikono yake. Mzee Anselmo akarudi kwenye mawe.

Aliyekata bamba la tatu, lenye jina la Peña, ni mimi. Nililisoma kwa sauti kama nilivyofundishwa, nikalisikia kosa kwa masikio yangu, nikavaa barakoa, nikawasha mashine. Nilijua na nilikata. Nakuandikia hili Mapendo kwa sababu kitabu cha droo ya pili hakilisemi: mkono uliozoea kazi unakata kosa vizuri tu, mistari inanyooka na herufi zinang'aa.

Tulifika Buffalo Jumatano, mimi na Mzee Anselmo, na gari lenye winchi. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kama una kesi na mtu. Siku ya Alhamisi mchana mabamba yote manne yalikuwa yamesimama, nami nilikuwa nafuta gundi kwenye viungo, ndipo akaja mama mmoja wa kama miaka sabini, ameshika fimbo mkono mmoja na kiti cha kukunja mkono mwingine. Alijitambulisha kuwa ni Doña Iris. Doña ni Don ya wanawake. Alipita bamba la kwanza, la pili, akasimama kwenye la tatu. Akagusa jina kwa kidole, herufi kwa herufi. Kidole kilipofika juu ya N kikapapasa graniti iliyo laini, kikarudi, kikapapasa tena.

"Nani alikata hapa?" akauliza.

Mzee Anselmo alinitazama. Nikasema, "Mimi, mama."

"Kaka yangu ni Wilfredo Peña. Huyu uliyemwandika simjui."

Nilimwambia orodha ilikuja hivyo, na nilipokuwa nasema nilijisikia kama wale wakubwa waliosema waya ni wa mbuzi.

Hakupandisha sauti. Alifungua kiti, akaketi, akatueleza. Baba yao alikuja Buffalo kuchuma maharage mashambani, kisha akaingia kwenye tanuri za chuma. Kule kisiwani kwao walikuwa raia wa Marekani, wanaweza kuitwa vitani, lakini rais anayewaita hawampigii kura. Wilfredo aliitwa kwenda Vietnam. Baadaye wanajeshi wawili walikuja mlangoni na karatasi. Waliuliza kama hapa ni kwa Pena.

"Walitamka 'Pina'," alisema Doña Iris. "Mama akawaambia nyumba hii haina Pina. Wakamwonyesha karatasi. Mama alikuwa anajua kusoma. Akasema, huyu si mwanangu, mwanangu ana herufi nyingine. Akafunga mlango. Siku mbili alipika kama kawaida. Siku mbili aliamini wamekosea nyumba, na alimwombea yule mama wa kina Pena, maskini, ambaye mtoto wake amekufa."

Upepo uliendelea na kesi yake. Nimesikia habari nyingi za vifo kwenye maisha yangu, na nilidhani nimeshazoea. Niliondoka nikaenda nyuma ya gari, nikajifanya natafuta kitambaa.

Bwana Halloran alikuja jioni ile. Alimsikiliza Doña Iris huku ameshika kofia mkononi. Akasema anasikitika sana, lakini kubadilisha kunahitaji kikao cha kamati, na kikao ni baada ya sikukuu za mwaka mpya.

"Sawa," alisema Doña Iris. "Jumamosi mtazindua nikiwa nimekaa hapa."

Kiti chake kilikuwa kimezuia bamba la tatu lote. Bwana Halloran akasema tutaongea kesho.

Kesho yake asubuhi tulikuta viti kumi na moja. Wengi walikuwa wanawake wa umri wake, wamejifunga skafu, na thamosi za kahawa. Kila kiti kilikuwa mbele ya jina la mtu. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wanaongea habari za magoti na za maparachichi yasiyoiva. Mzee wa kina Ibáñez, mwanamume pekee, alinikaribisha kahawa na kuniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Burundi. Akaniuliza kama na sisi tuna majina magumu. Nikamwambia kwetu ni mepesi, yanakuwa magumu uwanja wa ndege.

Nilimpigia Dale. Akasema, "Nestori, bila saini usiguse jiwe." Nilikuwa nimelijua jibu hilo kabla sijapiga. Basi nilichukua karatasi ya oda kwenye gari, nikaandika yale majina tisa kwa mkono wangu, na kila kiwimbi nikakichora kikubwa ili mtu asiseme hakukiona. Bwana Halloran alipofika nikampa na kalamu.

Aliisoma. "Na kumbukumbu za jeshi?" akauliza. "Zitakuwa tofauti na ukuta."

"Zilikuwa tofauti na watu tangu mwanzo," alisema Mzee Anselmo.

Doña Iris akasema, "Bwana Halloran, kwenye zimamoto, nyumba ikiwaka na karatasi imekosea namba, mlikuwa mnazima ipi?"

Alitazama viti vile, kimoja kimoja. Sidhani alikuwa anaogopa. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kuwa mtu wa haki bila kuitisha kikao. Mwishowe akauliza kama inawezekana kufanya hivyo bila kuharibu bamba.

Mzee Anselmo akanyoosha mikono yake mbele. Ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nimeiona ikitetemeka mwaka mzima, nikidhani ni baridi ya karakana, kwa kuwa ndivyo alivyotaka nidhani. "Si mimi," akasema. "Yeye."

Bwana Halloran akaweka karatasi juu ya boneti ya gari, akasaini.

Sasa sikiliza, Mapendo, hii ni kazi. Kati ya mstari na mstari kulikuwa na nafasi ya vidole viwili. Jiwe limesimama, kwa hiyo mkono hauna pa kuegemea. Mashine ya mchanga haifai, maana ukibandika mpira kwenye upepo ule unaondoka nao. Ni patasi nyembamba ya ncha ngumu, nyundo ndogo, chaki nyeupe, maji ya chupa. Unagonga kidogo, unapuliza, unatazama. Usianze na jina la mtu anayekutazama. Mzee Anselmo alinianzishia kwa Núñez, bamba la kwanza, ambaye ndugu zake walikuwa bado njiani. Alikaa kando yangu kwenye kiti cha kuazima, akasema "chini" au "basi", hakusema kingine.

Kiwimbi cha sita kilikuwa cha Ibáñez, na hapo graniti iliruka. Punje kama ya mchele ilitoka mahali isipotakiwa. Ungeweza kupitisha kidole usihisi kitu, lakini nilikuwa nimejifunza mwaka ule gharama ya kunyamaza. Nikamwita yule mzee, nikamwonyesha, nikamwambia nimekosea na haiwezi kurudi.

Aligusa, akafikiri. "Binamu yangu alikuwa na kovu hapo hapo juu ya jicho," akasema. "Alianguka kutoka kwenye mwembe wa watu." Akarudi kwenye kahawa yake.

Peña kilikuwa cha mwisho, jua likiwa limeanza kushuka. Doña Iris hakusogeza kiti hadi nilipomwomba. Alisimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake kila nilipogonga. Nilipomaliza nikalowesha jiwe, nikalipangusa, nikasogea. Akapitisha kidole. Safari hii kilizama.

"Vizuri," akasema. Kisha akakunja kiti chake. "Kesho nitataka kukaa mbele."

Usiku ule Mzee Anselmo aliniambia kwamba mwezi ujao atamwambia Dale habari za mikono yake na kuhamia kwa binti yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema ningeanza kumhurumia na kuacha kubishana naye, na yeye alihitaji mtu wa kubishana naye. Patasi ile nyembamba iko kwenye kisanduku cha bluu. Ni yako sasa. Usiinoe kwa mashine.

Jumamosi walikuja watu wengi, na bendi ya shule, na bwana mmoja mkubwa kutoka ofisi za mji. Ndiye aliyepewa kusoma majina kwenye kipaza sauti. Alikuwa na karatasi yake mwenyewe, na karatasi ile ilikuwa ni ile orodha ya zamani, maana hakuna aliyekumbuka kumbadilishia.

Akasoma la kwanza. "Nunez."

"Núñez!" wakajibu viti vya mbele, wote kwa pamoja, bila hasira, kama watu wanaojibu salamu.

Alisita. Akajaribu tena. Wakamjibu tena. Alipolipata wakaitikia kwa kichwa, akaenda kwenye jina linalofuata. Bendi ilikuwa imeshika ala zake juu, ikisubiri kuanza, ikazishusha. Bwana Halloran alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee Anselmo alikuwa amesimama nami kando ya gari, mikono mifukoni, na sikumbuki kumwona akifurahi namna ile hata siku moja, ingawa mtu asiyemjua angesema amekasirika.

Jina la tatu lilichukua mara tatu. La tano mara mbili. Baada ya hapo yule bwana akaacha kubahatisha. Alipofika kwa Wilfredo aliisoma karatasi kimya, akaikunja, akaitia mfukoni. Akatafuta kwa macho kwenye viti vya mbele mpaka akamwona mama mwenye fimbo amesimama, akasogeza kipaza sauti kando kidogo, akasubiri mama amwambie jina.